Jinsi ya Kujadili Kama Filamu za Kutisha za Siku Hizi Zimesifiwa Kuliko Zinavyostahili

Ubishi kuhusu filamu za kutisha zilizotukuzwa miaka ya karibuni huanza kwa namna moja karibu kila mara: mtu mmoja anasema kwamba Hereditary ni kazi ya kipekee, mwingine anajibu kwamba alisinzia kabla haijafika nusu, na kuanzia hapo kila mmoja anarudia alichokwisha kusema kwa sauti kubwa zaidi. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka mjadala huo ufike mahali, wawe wanasifu au wanalalamika. Nitataja matukio muhimu ya filamu kadhaa, ya mwisho yakiwemo, kwa sababu mjadala wa aina hii hauwezi kuendeshwa kwa mafumbo. Asiyetaka kuharibiwa utamu na azitazame kwanza.

Amua unachokibishia

Anayesema kwamba filamu imesifiwa kupita kiasi anadai mambo mawili kwa mkupuo: kwamba sifa zimefika kiwango fulani, na kwamba filamu yenyewe iko chini ya kiwango hicho. Wabishi wengi hushughulikia nusu ya pili peke yake. Wanaeleza kwa kirefu jinsi filamu ilivyowachosha, lakini hawasemi ni nani aliyeisifu, wala alikisifu kipengele gani. Mhakiki aliyeandika kwamba The Witch ya Robert Eggers imejengwa kwa uangalifu mkubwa, hata lugha yake ikachotwa kwenye shajara na kumbukumbu za mahakama za zama zile za miaka ya 1630, hakukuahidi kwamba utakosa usingizi. Ukimwambia kwamba wewe ulilala fofofo, umezungumza jambo la kweli lisilomhusu.

Kwa hiyo, kabla hujafungua mdomo, jiulize ni lalamiko lipi hasa ulilonalo. Huenda unasema kwamba filamu haitishi. Huenda unasema kwamba haina jipya. Huenda unasema kwamba maudhui mazito yamewafanya wahakiki wafumbie macho udhaifu wa usimulizi. Au pengine kinachokukera ni kwamba filamu nyingine, iliyo bora zaidi, imeachwa bila kutajwa. Hayo ni madai manne tofauti na kila moja lina ushahidi wake. Anayeyachanganya hushindwa hata pale ambapo moja kati yake lingempa ushindi, kwa maana mpinzani atalijibu lile lililo dhaifu na kuyaacha mengine yapite.

Kisha chagua filamu moja. Pana kapu ambalo watu wamelibandika jina la filamu za kutisha za hadhi ya juu, na ndani yake hutupwa It Follows, The Babadook, The Witch, Get Out, Hereditary na Midsommar, kana kwamba zote zimezaliwa na mama mmoja. Jina lenyewe ni tusi lililovishwa nguo ya sifa, kwa sababu linamaanisha kwamba utanzu mzima ulikuwa sakafuni mpaka ulipoinuliwa jana. George Romero alipotoa Night of the Living Dead mwaka 1968, mhusika wake mkuu, Mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, aliokoka usiku mzima wa wafu wanaotembea, kisha asubuhi akapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa. Hakuna aliyehitaji ngazi ili aione maana yake. Kapu hilo limekwisha kuwa kichekesho hata ndani ya utanzu wenyewe: katika Scream ya mwaka 2022, msichana anayeulizwa kwa simu ni filamu gani ya kutisha anayoipenda humjibu muuaji kwamba ni The Babadook. Ukibishia kapu zima, mpinzani wako atachomoa Get Out na mchezo utakwisha.

Vilevile usimbishie mwongozaji ukidhani unaibishia filamu. Wapo wanaomfananisha Ari Aster, mwongozaji wa Hereditary na Midsommar, na mgema aliyesifiwa hadi tembo akalitia maji, na ushahidi wao ni wa saa: Hereditary ya mwaka 2018 ina dakika 127, Midsommar ya mwaka uliofuata ina dakika 147, na Beau Is Afraid ya mwaka 2023 ina dakika 179. Hesabu ni sahihi, na binafsi naiona inachekesha, lakini urefu wa filamu ya tatu hauthibitishi lolote kuhusu ile ya kwanza.

Soma takwimu kabla hujazirusha

Hapa ndipo mijadala mingi hupotea njia, na ndipo msomaji makini anapoweza kujipatia faida kubwa kwa kazi ndogo. Asilimia inayoonyeshwa na Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki za filamu, haipimi ubora wa filamu. Inahesabu ni wahakiki wangapi katika kila mia waliotoa maoni ya kuipendelea. Chukua filamu ambayo wahakiki mia moja wote wameiona ni nzuri kiasi, bila hata mmoja kuipenda kwa dhati: itapata asilimia 100. Chukua nyingine ambayo themanini wameiona kuwa kazi ya kukumbukwa na ishirini wameichukia: itapata 80. Mtu anayesema kwamba filamu ya kwanza imesifiwa kuliko ya pili hajasoma kipimo anachokitumia. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hukaribia zaidi kuonyesha kiwango cha sifa, kwa kuwa hugeuza kila uhakiki kuwa alama na kutafuta wastani, huku wahakiki wengine wakipewa uzito zaidi. Kama hoja yako ni kwamba sifa zilizidi, anza hapo, au bora zaidi soma tahakiki tano nzima na unukuu sentensi unayoipinga.

Upande wa pili hupenda kuja na CinemaScore. Hii ni kampuni ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambayo huwapa watazamaji wa usiku wa kwanza kadi ili waipe filamu daraja kuanzia A mpaka F. Hereditary ilipata D+, The Witch ikapata C-, na Midsommar ikapata C+, ilhali wahakiki walikuwa wakizishangilia zote tatu. Kwa anayelalamika, hiyo huonekana kama nyundo ya mwisho: wataalamu wamepotoka, wananchi wamesema. Lakini angalia ni wananchi gani. Anayekwenda usiku wa kwanza amevutwa na trela, na daraja analolitoa hupima kwa sehemu kubwa kama alichokiona kinafanana na alichoahidiwa. It Comes at Night ya mwaka 2017 ilipata D, na sababu yake haihitaji mchawi kuifichua: jina lake na matangazo yake viliwafanya watu wasubiri zimwi, na zimwi halikuja, kwa kuwa filamu ilikuwa inasimulia familia mbili zinazoangamizana kwa kutoaminiana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya filamu vyote viwili hutembezwa, na wakati mwingine kizuri hutembezwa kwa jina la kitu kingine. The Blair Witch Project nayo ilipata C+ mwaka 1999, kisha ikakusanya karibu dola milioni 250 duniani, na miaka mingi baadaye bado inaigwa.

Pengo kati ya wahakiki na watazamaji, basi, linathibitisha kwamba makundi mawili yaliahidiwa vitu viwili. Halisemi nani yuko sahihi. Hata hivyo usimruhusu shabiki akimbilie upande wa pili na kudai kwamba watazamaji wa kawaida hawawezi kuielewa filamu nzito ya kutisha. Get Out ya Jordan Peele ilipata A- kutoka kwa watazamaji hao hao, ikatengenezwa kwa takribani dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya milioni 250, kisha mwaka 2018 ikapewa Oscar ya mswada asilia. Ilizungumza juu ya ubaguzi wa rangi kwa uwazi kabisa, na hakuna aliyelalamika kwamba ilimwacha nyuma. Ukikutana na shabiki anayejificha nyuma ya ujinga wa umma, mtajie filamu hiyo na umsubiri.

Igeuze hofu yako kuwa hoja

Sentensi ya kwamba filamu fulani haikunitisha ni ya ukweli, lakini ni taarifa ya mwili wa msemaji, na haiwezi kupingwa wala kuthibitishwa. Wapo, kwa upande mwingine, wanaosema kwamba hofu haina umuhimu, kwamba filamu hizi zina malengo ya juu zaidi. Nao nawaona wamekosea vibaya zaidi, kwa sababu filamu iliyojiita ya kutisha imechukua deni na ni lazima ilipe, hata kama italipa kwa sarafu isiyotarajiwa. Kinachohitajika ni kuigeuza hisia kuwa hoja, na njia ninayoiamini ni kutaja tukio moja, kueleza lilikusudia nini, lilitumia nini kufikia kusudi hilo, na lilishindwa au lilifaulu wapi.

Mfano unaofaa kwa pande zote mbili ni ajali ya gari katika Hereditary. Kijana Peter anamkimbiza hospitali mdogo wake, Charlie, ambaye amekula keki iliyomdhuru na hawezi kupumua. Msichana anatoa kichwa dirishani kutafuta hewa, gari linayumba, na nguzo ya barabarani inamaliza kazi. Mwongozaji wa kawaida angetuonyesha maiti hapo hapo, muziki ukipanda. Aster anabaki na uso wa Peter kwa muda mrefu, kijana akiwa hathubutu kutazama kioo cha nyuma. Anaendesha taratibu mpaka nyumbani, anapanda kitandani bila kumwambia mtu, na asubuhi kamera bado iko usoni pake huku tukimsikia mama akitoka kwenda kwenye gari, kisha tunasikia kilio chake. Baada ya hapo ndipo tunaonyeshwa kile kilichobaki barabarani. Anayesema kwamba filamu hii haina kitu anapaswa kueleza tukio hili lilikosea wapi; mimi sijaona kosa, na uigizaji wa Toni Collette, aliyemwigiza mama huyo, katika maombolezo yanayofuata ni wa kiwango ambacho Oscar walipaswa kukitambua, ingawa hata kumteua hawakumteua.

Sasa mlalamikaji naye ana pa kushika. Nusu saa ya mwisho inageuka kuwa mambo ya kikundi cha waabudu pepo, na katika kile kibanda juu ya mti mhusika mmoja anatueleza kwa mdomo pepo huyo ni nani na ametoka wapi. Filamu iliyotuamini kwa saa moja na nusu, ikatuachia kusikiliza kilio bila kuona, inamalizia kwa kutusomea maelezo. Kama nikiulizwa, nitasema sifa za nusu ya kwanza zimemwagikia nusu ya pili, na hilo ni dai linaloweza kujadiliwa, kwa kuwa mpinzani anaweza kurudi kwenye kibanda kile na kunionyesha nilichokosa kuona.

Tenganisha pia aina za hofu. Mshtuko wa ghafla ni kitu kimoja, taharuki ya kujua kwamba jambo baya linakuja ni kitu kingine, na ile hofu inayotambaa polepole bila kujulikana chanzo chake ni ya tatu. It Follows ya David Robert Mitchell hujenga ile ya pili kwa hila rahisi ajabu: kiumbe kinachomwinda mhusika hutembea tu, hakikimbii, na kamera hupiga picha pana kiasi kwamba mtazamaji hujikuta akichunguza kila mpita njia aliye mbali. Anayeipima kwa idadi ya mara alizoruka kitini ametumia mizani isiyofaa. Anayesema kwamba kanuni za kiumbe hicho zinalegea filamu inapofika kwenye tukio la bwawa la kuogelea, ambapo vijana wanapanga kukiua kwa vifaa vya umeme na kiumbe kinaanza kuwarushia vitu, ametumia mizani inayofaa, na shabiki anadaiwa jibu.

Kabla ya yote hayo, uliza kwa upole mwenzako aliitazama wapi na lini. A Quiet Place hutegemea ukimya wa ukumbi mzima ulioshika pumzi. Kwenye simu, taa zikiwa zimewaka, sehemu kubwa ya kazi yake haikufanyika. Na mtu aliyeiona filamu baada ya kusikia sifa zake kwa miaka miwili alikuwa anaitazama sifa zaidi ya filamu. Hilo si kosa lake, lakini ni vema lijulikane.

Jaribu sitiari kwa kuiondoa

Lalamiko linalorudiwa kuliko yote ni kwamba siku hizi kila zimwi ni msiba. Lina ukweli ndani yake, na lina kipimo kizuri: liondoe fumbo, uone kama hadithi inasimama. Katika The Babadook ya Jennifer Kent, iliyotoka Australia mwaka 2014, mjane aliyempoteza mumewe kwa ajali walipokuwa njiani kwenda kujifungua anaandamwa na kiumbe kilichotoka kwenye kitabu cha mtoto. Sahau kabisa kwamba kiumbe ni simanzi. Bado kuna mama asiyelala, mtoto asiyetulia, kitabu kinachochanwa na kurudi mlangoni kikiwa na kurasa mpya, na swali la kama mama atamdhuru mwanawe. Hadithi inasimama. Mwisho wake, ambapo kiumbe hakifi na mama anakifuga chini ya nyumba akikipelekea minyoo kwenye bakuli, unapendeza kama kioja na unapendeza pia kama maana.

Fanya hivyo hivyo kwa filamu unayoibishia. Ikiwa baada ya kuliondoa fumbo kinachobaki ni vyumba vyenye giza na watu wanaokodoa macho, umepata hoja, na ni hoja nzito kuliko kusema kwamba filamu inachosha.

Dai la upya lipime kwa historia

Wanaosifu hupenda kusema kwamba filamu hizi zilivumbua hofu ya utulivu. Mwaka 1942, katika Cat People ya Jacques Tourneur iliyosimamiwa na mtayarishaji Val Lewton, mwanamke anatembea peke yake usiku akisikia nyayo nyuma yake, nyayo zinakoma, na breki za basi zinapiga kelele kama mnyama. Chui hakuonekana, na mbinu ile inatumika mpaka leo. Maudhui mazito nayo si mageni, wala heshima: The Exorcist ya mwaka 1973 iliteuliwa kuwania Oscar 10 na kupata mbili.

Kwa hoja hii Midsommar ndiyo inayonishinda kuitetea. Utangulizi wake ni mkali, na wazo la kuleta hofu mchana kweupe lina uzuri wake, lakini yeyote aliyeiona The Wicker Man ya mwaka 1973, mgeni akiwasili kwenye jamii yenye ibada za kale na tabasamu nyingi, anajua wageni watakwisha vipi zikiwa zimebaki dakika nyingi mno. Filamu ilisifiwa kama njia mpya. Kwangu ni njia ya zamani iliyopakwa rangi nzuri sana.

Haki inataka pia usilinganishe jana iliyochujwa na leo isiyochujwa. Mtu anayesema kwamba zamani filamu zilitisha kweli huwa anakumbuka tano au sita. Kati ya mwaka 1980 na 1989 zilitoka filamu nane za Friday the 13th, na sijakutana na mtu anayeweza kuzitofautisha zote kwa kichwa.

Mnapoketi kubishana

Mpinzani akikuambia kwamba hukuielewa filamu, usikasirike. Mwombe akueleze tukio moja ambalo ungeliona tofauti kama ungeelewa. Asipokuwa nalo, ukipenda, chongo utaita kengeza, na ndilo linalomsibu. Nawe ukijikuta unasema kwamba wahakiki wanajifanya, nyamaza kidogo, kwa sababu umeacha kuzungumzia filamu na umeanza kupiga ramli juu ya nia za watu usiowajua. Kubali mapema jambo moja ambalo upande wa pili umelipata. Na kila mmoja aseme ni kitu gani kingemfanya abadili msimamo. Asiyekuwa na kitu kama hicho hajaja kujadili.

Msitumie hukumu ya leo kama ya mwisho. The Thing ya John Carpenter ilipotoka mwaka 1982 wahakiki waliishambulia na mapato yakawa duni. Kuhusu The Shining, Stanley Kubrick aliteuliwa kuwa mwongozaji mbaya kuliko wote tuzo za dhihaka za Razzie zilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Leo ni vigumu kupata orodha ya filamu bora za kutisha isiyokuwa nazo. Anayesifu asiutumie mfano huu kama ngao ya kila kitu, kwa sababu filamu nyingi zilizoshambuliwa zilistahili kushambuliwa na zikasahaulika; faida yake ni kukukumbusha uandike hoja yako kwa namna ambayo utaweza kuisoma tena baada ya miaka kumi bila kuona haya.

Mkifika mahali ambapo kila mmoja ameshataja tukio lake na hakuna anayesogea, itafuteni dakika ile ile mliyoachania njia, mwitazame pamoja mara mbili: mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili mkiwa mmezima sauti. Tukio la kibanda juu ya mti, kwa mfano, linatazamika vizuri zaidi likiwa kimya, na rafiki yangu anayeitetea filamu hiyo kwa jino na ukucha alilikubali hilo kabla hata mimi sijasema neno.